Mcheza Kwao Hutunzwa: Maisha ya Bombardier Billy Wells, Bingwa wa Uingereza wa Uzito wa Juu

Na Mwandishi Wetu

Katika historia ya ngumi za kulipwa nchini Uingereza, jina la Bombardier Billy Wells lina nafasi ya pekee. Kwa takribani miaka minane, kuanzia 1911 hadi 1919, bondia huyo aliushikilia ubingwa wa nchi yake wa uzito wa juu. Hata hivyo, alipopambana na mabondia wa ngazi ya dunia, mara nyingi alimaliza pambano akiwa chini, mwamuzi akimhesabia. Makala haya yanapima uwezo wake, mipaka yake na mazingira ya enzi aliyoishi.

William Thomas Wells alizaliwa tarehe 31 Agosti, 1889, mashariki mwa jiji la London, katika familia ya kipato cha chini yenye watoto wengi. Mwaka 1906 alijiunga na kikosi cha mizinga cha Jeshi la Uingereza na kupelekwa Rawalpindi, India. Huko alipandishwa cheo kuwa bombardier, cheo cha kikosi cha mizinga kinacholingana na koplo, na ndipo lilipotoka jina lake la ulingoni. Alianza kushiriki mashindano ya ngumi ya wanajeshi, na mwaka 1909 akatwaa ubingwa wa India nzima. Mwaka uliofuata alilipa fedha ili aruhusiwe kuondoka jeshini, akarejea London kuanza ngumi za kulipwa.

Wells alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 3, mwili mwembamba kwa uzito wake, na ngumi ya kushoto iliyonyooka iliyosifiwa kuwa miongoni mwa bora zaidi Uingereza. Alisimama wima, akapiga kwa mbali na kutumia akili kuliko nguvu. Januari 1911 aliangushwa katika raundi ya tatu na Gunner Moir, bingwa wa zamani wa Uingereza. Miezi mitatu baadaye, tarehe 24 Aprili, alimwangusha Iron Hague katika raundi ya sita kwenye ukumbi wa National Sporting Club, London, na kuwa bingwa wa taifa. Alikuwa bondia wa kwanza wa uzito wa juu kushinda Mkanda wa Lonsdale. Desemba mwaka huohuo alimshinda Fred Storbeck wa Afrika Kusini na kutwaa pia ubingwa wa Dola ya Uingereza.

Kati ya ushindi huo wa Aprili na wa Desemba lilitokea jambo lililotikisa serikali. Wells alipangiwa kupambana Oktoba 1911, katika ukumbi wa Earl's Court, na Jack Johnson, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1908. Mchungaji F. B. Meyer aliongoza kampeni ya kulipinga pambano hilo. Waziri wa Mambo ya Ndani, Winston Churchill, alilitangaza kuwa kinyume cha sheria, na mmiliki wa eneo la ukumbi akapata zuio la mahakama. Hoja ya hadharani ilikuwa utulivu na maadili. Nyuma yake ilikuwapo hofu kwamba habari na picha za mtu mweusi akimpiga Mwingereza mweupe zingesambaa katika makoloni na kuwafungua macho watawaliwa.

Baada ya hapo Wells alikwenda kutafuta kipimo chake nje ya nchi. Mwaka 1912, mjini New York, alimwangusha Al Palzer katika raundi ya kwanza, kisha yeye mwenyewe akashindwa kwa KO katika raundi ya tatu. Mwaka 1913 Gunboat Smith alimmaliza katika raundi ya pili. Juni mwaka huo, mjini Ghent, Ubelgiji, alipambana na Mfaransa Georges Carpentier, kijana wa miaka 19 aliyekuwa mwepesi kuliko yeye. Wells alimwangusha mapema, lakini Carpentier akainuka na kumshinda katika raundi ya nne. Waliporudiana London mwezi Desemba, pambano lilidumu kwa sekunde 73 tu.

Matokeo hayo yanaonesha tatizo lilelile. Wells alijua kulianza pambano lakini hakujua kulimaliza. Mpinzani alipotikisika, alisita badala ya kumfuata. Mpinzani alipoingia karibu na kumpiga mwilini, ufundi wa mbali haukumsaidia tena. Wakosoaji walimwita mwoga, lakini sifa hiyo haimstahili mtu aliyeinuka baada ya kila anguko na kuingia tena ulingoni. Alipungukiwa ukali na uwezo wa kustahimili makonde ya karibu.

Ipo pia mipaka ambayo haikuwa yake. Tangu mwaka 1911, ubingwa wa Uingereza uliwaniwa na mabondia ambao wazazi wao wote wawili ni weupe. Miaka miwili kabla ya hapo, Sam Langford, bondia mweusi mzaliwa wa Kanada, alimwangusha Hague katika raundi ya nne ndani ya London. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1948, Dick Turpin alipotwaa ubingwa wa uzito wa kati. Kwa hiyo Wells alikuwa bingwa wa uwanja uliofungwa mlango, ingawa mlango huo hakuufunga yeye.

Alipoteza ubingwa tarehe 27 Februari, 1919, alipoangushwa na Joe Beckett katika raundi ya tano, na akastaafu ngumi mwaka 1925. Miaka ya baadaye, watazamaji wa sinema walimwona kama mtu wa kwanza aliyepiga upatu mkubwa mwanzoni mwa filamu za kampuni ya Rank. Upatu huo ulikuwa wa bandia, na sauti ilipigwa na mwanamuziki mwingine. Wells alifariki dunia tarehe 12 Juni, 1967.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wells alitunzwa kwao, na alistahili, kwa kuwa ufundi wake ulikuwa wa kweli. Lakini ubingwa wa nyumbani huwa na uzito kamili pale tu wote wenye uwezo wanaporuhusiwa kuuwania. Haki hiyo walinyimwa waliozuiwa kuingia, na Wells naye alinyimwa nafasi ya kujua alikuwa nani hasa.