Musa Amalemba: Waziri wa Nyumba aliyebaki jina la mtaa

Watu wetu wa Pwani waliowahi kupelekwa bara kikazi, khasa walimu na maafisa wa serikali, wanaijua Amalemba. Ni mtaa wa nyumba za umma katika mji wa Kakamega, na mabodaboda hulitaja jina hilo kutwa nzima. Mgeni hupanga chumba huko, hulipa kodi yake, akapata uhamisho akaondoka bila kuuliza jina limetoka wapi. Wengi hudhani ni jina la kijito au la ukoo.

Amalemba alikuwa mtu. Musa Amalemba, Mluhya, alikuwa Waziri wa Nyumba wa Kenya katika miaka ya mwisho ya mkoloni. Nimeona nimkumbuke sasa kwa sababu suala la nyumba limerudi mezani kwa kishindo. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Hapa Mombasa nyumba za zamani za Buxton tumeziona zikibomolewa kwa macho yetu. Kila mtu ana la kusema juu ya serikali kujenga nyumba, lakini wachache wanajua kazi hii ilianzaje, na kwamba mmoja wa Waafrika wa mwanzo kuishika aliishika akiwa ametengwa na Waafrika wenzake.

Nianze na ardhi, maana nyumba bila ardhi sisi wa Mombasa tunaijua vizuri. Pale Majengo mtu ana nyumba yake kamili, amerithi kwa babu, na bado analipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Kakamega nako kuna hadithi yake. Mwaka 1931 ilivuma habari ya dhahabu, na wazungu waliokuwa na hali mbaya ya mashamba wakakimbilia huko na sululu. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1930 iliyowaahidi wenyeji kuwa ardhi ya akiba yao haitaguswa bila ya kupewa nyingine badala yake. Dhahabu ilipoonekana, sheria hiyo haikutimiza hata miaka mitatu. Desemba 1932 ikarekebishwa haraka haraka ili mchimbaji apate njia na mwenye shamba alipwe fedha tu. Mgodi wa Rosterman uliendelea mpaka mwanzo wa miaka ya hamsini, kisha ukafungwa. Watu wa rika la Amalemba walikua wakiyaona hayo. Walijifunza mapema kwamba ahadi ya serikali juu ya makazi hudumu mpaka kitakapopatikana kitu cha thamani chini ya sakafu.

Kama vijana wengi wa kwao waliosoma, Amalemba maisha yake ya siasa yalikuwa Nairobi, na akawa miongoni mwa Waafrika walioingia katika mabaraza ya mji. Mabaraza hayo hayakuwa na nguvu kubwa. Yalikuwa ya kushauri, na mshauri wa mkoloni alikuwa akisikilizwa siku mkoloni alipotaka kusikia. Lakini jambo lililoletwa hapo kila mara, kuliko jingine lolote, lilikuwa pa kulala.

Hali ilivyokuwa ni hivi. Serikali ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mpita njia. Amekuja kufanya kazi, kazi ikiisha atarudi kwao. Kwa hiyo alijengewa kitanda, hakujengewa nyumba. Mke na watoto walibaki shamba. Aliyetaka kuishi na watu wake alikwenda kupanga chumba katika nyumba za Kiswahili, zile za ukumbi katikati na vyumba huku na huku, Pumwani kwa Nairobi, Majengo kwa Mombasa. Hili halitajwi sana, kwamba kabla ya serikali kujua kuweka tofali juu ya tofali kwa ajili ya Mwafrika, ni nyumba ya Mswahili ndiyo iliyobeba wafanyakazi wa nchi hii.

Na aliyeiamsha serikali ni mfanyakazi wa Mombasa. Mwaka 1939 watu wa bandarini na wengine walipogoma, serikali iliunda tume kuangalia hali yao ya kazi, ikakuta watu wamelala kwa kupishana na kodi inakula mshahara. Posho ya nyumba, ambayo leo mtu anaiona kwenye karatasi ya mshahara kama jambo la kawaida, ilipata nguvu kutokana na msukosuko ule. Ukaja mgomo mkubwa wa Januari 1947, mji wote ukasimama. Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Carpenter, ikapendekeza kuwa mfanyakazi alipwe kiasi cha kuweza kuishi mjini na mke wake na watoto wake. Katikati ya hayo, mwaka 1953, ikaundwa Bodi Kuu ya Nyumba. Hiyo ndiyo mama wa Shirika la Kitaifa la Nyumba, hili tunaloliita NHC.

Tusisahau pia kuwa 1953 ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Nairobi ilikuwa na hofu ya Mau Mau, na mwaka uliofuata jeshi lilizunguka mji likachukua maelfu ya Wakikuyu kupeleka vizuizini. Mkoloni alijenga nyumba kwa kuwa aliona mtu mwenye mlango wake na mke wake ndani hatakwenda msituni. Huruma ilikuwamo kidogo, hofu ilikuwa nyingi zaidi. Ndiyo maana mambo ya nyumba na mambo ya maendeleo ya jamii yalikwenda sambamba. Waziri wa kwanza Mwafrika, B. A. Ohanga, aliteuliwa mwaka 1954 kushika maendeleo ya jamii, na kazi hiyo ilihusu kwa sehemu kubwa kuwarekebisha waliokuwa kizuizini.

Ohanga alishindwa na Oginga Odinga katika uchaguzi wa Machi 1957, uchaguzi wa kwanza ambao Waafrika walichagua wajumbe wao. Wanane waliingia Baraza la Kutunga Sheria, akiwemo Ronald Ngala wetu kutoka Pwani, na wote wakakataa kushika uwaziri mpaka viti vya Waafrika viongezwe. Waziri wa Makoloni, Lennox-Boyd, akaja na katiba mpya. Viti sita viliongezwa, lakini kukawekwa na wajumbe 12 wa namna ya pekee, wanne Waafrika, wanne Waasia, wanne wazungu, wachaguliwe na Baraza lenyewe. Kwa maneno mengine, Mwafrika angeingia kwa kura za wazungu.

Wajumbe waliochaguliwa na wananchi wakasusia, wakatoa taarifa kali dhidi ya Waafrika waliojitokeza kugombea viti hivyo, wakawaita vibaraka na wasaliti wa watu wao. Musa Amalemba alikuwa mmoja wa waliojitokeza, na Aprili 1958 akapata kiti. Serikali ikawapeleka mahakamani wajumbe saba walioitoa taarifa ile, Tom Mboya na Odinga wakiwa miongoni mwao, wakatozwa faini. Faini hiyo iliwapandisha chati. Nje ya mahakama watu walishangilia, na waliotukanwa ndio waliobaki na doa.

Ndipo Amalemba akapewa wizara. Jina lake lilikuwa refu: Nyumba, Huduma za Pamoja, Uangalizi wa Wahalifu na Shule za Kurekebisha Vijana. Ukilitazama jina hilo unaona Mwafrika alipewa nini na alinyimwa nini. Hakupewa fedha, wala ardhi, wala polisi. Alipewa majengo na watoto watukutu.

Je, alikosea kukubali? Mimi nimelifikiria hili sana na sioni jibu jepesi. Waliosusia walikuwa na haki: kama kila Mwafrika angekubali kiti cha kupewa, uhuru ungechelewa. Lakini mtu aliyekuwa amelala wanne chumba kimoja pale Nairobi mwaka 1958 hakuwa na la kufanya na msuso. Alihitaji mtu wa kusimama Barazani kuulizia bajeti ya nyumba, na aliyesimama alikuwa Amalemba. Kumbukumbu za Baraza za miaka hiyo zimejaa maswali aliyoulizwa kuhusu kodi, vyoo na mikopo ya mabaraza ya miji. Waliomwita kibaraka walikuwa wakimwandikia maswali hayo, naye akijibu.

Ilikuwa katika wakati wake, mwaka 1959, ambapo Bodi Kuu ya Nyumba ilipanuliwa kazi ikaacha kuwa ya Waafrika peke yao, ikawa ya watu wa rangi zote. Mtu anaweza kusema ni mabadiliko ya karatasi. Mimi naona yalikuwa na uzito wake, maana mpaka hapo nyumba ya Mwafrika ilikuwa na idara yake, viwango vyake na upande wake wa mji.

Namna Bodi ilivyofanya kazi inafaa ielezwe, kwa sababu mpaka leo ndiyo inayotusumbua. Serikali kuu iliipa Bodi fedha. Bodi ikaikopesha halmashauri ya mji kwa riba ndogo na muda mrefu. Halmashauri ikajenga, ikapangisha, ikakusanya kodi, na kwa kodi hiyo ikalipa deni. Baada ya uhuru, katika miaka ya sitini, Bodi ikageuzwa kuwa NHC, lakini mfumo ule ukabaki. Kakamega ilipofanywa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi mwaka 1963, maafisa walimiminika na nyumba zikatakiwa.

Umeona lililokosekana? Mpangaji. Yeye hulipa kodi miaka 30, deni la halmashauri linapungua kwa jasho lake, na siku akistaafu anarudisha ufunguo. Mipango ya mpangaji kununua ilikuwepo, na wako waliopata nyumba kwa njia hiyo, lakini mitaa mingi ya zamani ilibaki ya kupanga tu. Halafu halmashauri nazo zikaacha kulipa, zikaacha kupaka rangi, na mwaka 2013 serikali za kaunti zikarithi nyumba pamoja na madeni yake. Anayekaa katika nyumba kama hizi leo, iwe Kakamega, iwe Changamwe au Mzizima, anakaa juu ya hesabu ambayo haikufungwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa haki ya makazi bora. Haisemi kama miaka aliyolipa kodi itahesabiwa siku tingatinga likija, na waliokuwa Buxton wanajua swali hilo lina uchungu gani.

Amalemba mwenyewe hakudumu. Wengi wa wenzake wa viti vya pekee walimfuata Michael Blundell katika siasa ya rangi zote kukaa pamoja, lakini mkutano wa Lancaster House wa mwanzo wa 1960 ulipokubali Waafrika wawe wengi Barazani, siasa hiyo ilikwisha maana. Yeye aliongoza chama cha watu wa kwao, Buluhya Political Union, wakati KANU na KADU zinagawana nchi. Uchaguzi wa 1961 ukaleta watu wapya, Ngala akawa kiongozi wa shughuli za serikali, na Amalemba akatoka mbele ya jukwaa. Uhuru ulipoingia Desemba 1963 baraza la mawaziri lilijaa majina mengine. Kutoka upande wa kwao Waluhya aliingia Joseph Otiende, akashika elimu. Naye ana mtaa wa jina lake Nairobi.

Nimepata kuyatazama majina ya mitaa ya nyumba za umma iliyojengwa zama zile, na kuna jambo moja ambalo halijasemwa vya kutosha. Nairobi kuna Ofafa, jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyepigwa risasi 1953. Kuna Mbotela, na hilo ni letu kabisa: Tom Mbotela, wa ukoo wa Mbotela wa Frere Town, uzao wa watumwa walioachwa huru pale Kisauni, aliyekuwa makamu wa rais wa KAU na akauawa Nairobi Novemba 1952 kwa sababu alikuwa akipinga matumizi ya nguvu. Kuna Amalemba kule Kakamega. Wote watatu walikuwa wa upande wa kwenda pole pole, wakikaa katika mabaraza ya mkoloni na kudai kwa barua na maombi. Wapiganaji walipata barabara kuu na sanamu. Hawa walipata mitaa ya watu wa mshahara mdogo, na majina yao yakawa ya kutajiwa kondakta.

Na katika wale saba waliotozwa faini kwa kumtukana Amalemba na wenzake, Tom Mboya ana sanamu yake Nairobi. Lakini hapa kwetu Mombasa ana mtaa pia, Tom Mboya Estate, nyumba za umma za kupanga, na wakaazi wake wanalipa kodi kila mwezi kama wale wa Amalemba.