Anayeiogopa hisabati asome maisha ya Al-Khwarizmi

Kwa miaka mingi Hisabati limekuwa somo linaloangusha watahiniwa wengi wa kidato cha nne hapa Tanzania. La kusikitisha zaidi ni kuwasikia baadhi yetu Waislamu wakiwaambia watoto kuwa hilo ni somo la Wazungu, halina faida kwa mtu wa dini. Kwa wenye fikra hizo, naomba niwakumbushe habari za Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi.

Mwanazuoni huyu alizaliwa yapata mwaka 780. Alifanya kazi zake Baghdad katika zama za Khalifa Al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, kwenye Baitul Hikma, ambako elimu za Wayunani na Wahindi zilikuwa zikifasiriwa kwa Kiarabu. Aliandika juu ya nyota na ramani ya dunia, lakini kilichompa sifa zaidi ni kitabu chake cha al-jabr na al-muqabala. Kutokana na jina hilo dunia ikapata neno aljebra. Kitabu chake kingine, kilichofafanua hesabu za tarakimu za Kihindi pamoja na sifuri, kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12. Kutokana na jina lake mwenyewe likapatikana neno algoriti, yaani zile hatua za kukokotoa zinazoendesha kompyuta na simu tulizonazo mikononi.

Hata hivyo, wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya kitabu kile cha aljebra inahusu wasia na mirathi. Al-Khwarizmi alieleza kuwa amelenga mahitaji ya watu katika kugawa urithi, biashara, kesi na upimaji wa ardhi. Kwake, hisabati ilikuwa chombo cha kutimizia haki.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na mali ya shilingi milioni 24 baada ya madeni na wasia. Kwa mujibu wa Surat An-Nisaa, aya ya 11 na 12, mke anapata thumni, yaani milioni 3. Zinabaki milioni 21. Mtoto wa kiume anachukua mafungu mawili, milioni 14, na binti fungu moja, milioni 7. Sasa binti asiyejua sehemu, ami yake akimkabidhi milioni 4 na kumwambia hiyo ndiyo sheria, atajuaje kuwa amedhulumiwa? Ataitikia amin na kushukuru.

Al-Khwarizmi alifariki yapata mwaka 850, na elimu aliyoiacha inafundishwa duniani kote. Nasema wazi: mzazi anayemwambia mwanawe aachane na hisabati anamvua silaha ya kulinda haki yake. Walimu wa madrasa nao, wanapofundisha mirathi, wawape wanafunzi kalamu na karatasi wakokotoe wenyewe. Yatima anayejua hesabu si rahisi kuliwa mali yake.

Wallahu a'lam.