Chick Webb: Ngoma Ilipokuwa Dawa

Nikiwasikia vijana wetu wakisema wanatamani kujifunza dramu za roki ila hawana fedha wala mwalimu, mimi humkumbuka marehemu Chick Webb wa Marekani, aliyezipiga dramu kabla roki haijazaliwa.

Jina lake hasa ni William Henry Webb, mzaliwa wa Baltimore. Utotoni alipatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, kikamwachia kibyongo na kimo kifupi. Yasimuliwa kwamba daktari ndiye aliyeshauri apige ngoma ili viungo vilegee. Basi hakuanza kwa kutafuta sifa, alitafuta afya. Akauza magazeti mitaani hata akapata ngoma zake.

Alihamia New York, akaongoza bendi katika ukumbi wa Savoy, mtaa wa Harlem. Nota hakujua kuzisoma. Muziki wote aliuhifadhi kwa ghaibu. Mwaka 1935 alimchukua Ella Fitzgerald, binti asiyejulikana bado, akawa mwimbaji wake. Mei 11, 1937, bendi yake ilishindana na ya Benny Goodman ukumbini humo, na Gene Krupa, mpiga dramu mashuhuri wa Goodman, akamwinamia kwa heshima.

Maradhi hayakumwacha. Alifariki Juni 16, 1939, hajatimiza miaka arobaini.

Nawe kijana mwenye mgongo mzima, wangoja nini? Shika vijiti, uanze japo kwa mikebe. Webb alianza kwa maumivu.