Michel Micombero, rais aliyevunja neno lake

Mfanyabiashara anayetoka Bujumbura na kushika barabara ya kusini, kando ya Ziwa Tanganyika, hupita Rumonge penye mawese, kisha Nyanza-Lac, kabla ya kufika mpaka wa Mugina na kuvuka kwenda Manyovu na Kigoma. Wengi wa njia hiyo wanajua bei ya dumu la mafuta kwa kila msimu. Wachache wanajua kwa nini baadhi ya mashamba ya michikichi yaliyo pembeni ya barabara yamekuwa na kesi kwa zaidi ya nusu karne. Chanzo kikubwa cha kesi hizo ni mwaka 1972, na aliyeshika nchi wakati huo alikuwa Michel Micombero, rais wa kwanza wa Burundi.

Viongozi wa kizazi chake hupimwa kwa mizani nyingi. Wako wanaopimwa kwa hotuba zao dhidi ya ukoloni, wako wanaopimwa kwa barabara walizojenga au chama walichokiacha. Makala haya yanatumia mizani ya zamani zaidi, ambayo wasomi huiita ya kihafidhina na ambayo mfanyabiashara yeyote anaielewa. Je, chini ya kiongozi huyo mtu asiye na kosa alilala salama? Mali yake ilibaki yake? Mshtakiwa alifikishwa mbele ya hakimu? Na neno la mkuu wa nchi lilikuwa neno?

Micombero alizaliwa 26 Agosti 1940 huko Rutovu, katika mkoa wa Bururi. Alisoma shule za misheni za Kikatoliki, akaendelea na masomo katika Koleji ya Saint-Esprit mjini Bujumbura, mji uliokuwa ukiitwa Usumbura. Mwaka 1960 aliingia jeshini na kupelekwa Ubelgiji kwa mafunzo ya uofisa. Aliporudi mwaka 1962, nchi ilikuwa inangoja uhuru wa 1 Julai, tena ikiwa na msiba. Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyewaunganisha Wahutu, Watutsi na Waswahili wa Buyenzi katika chama cha UPRONA, na aliyewahi kuanzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Kirundi, alikuwa ameuawa 13 Oktoba 1961.

Maofisa Warundi walikuwa wachache, kwa hiyo kijana huyo alipanda haraka. Mwaka 1963 alikwishakuwa mkuu wa wizara ya ulinzi, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu.

Ili kuelewa alichokuja kukivunja, lazima kwanza tukumbuke kilichokuwepo. Burundi ya zamani ilikuwa na Mwami, na chini yake abaganwa, watu wa ukoo wa kifalme. Kwenye kila kilima kulikuwa na bashingantahe, wazee waliochunguzwa tabia kwa miaka kabla ya kupewa fimbo ya kuamua kesi za ardhi, madeni na ng'ombe. Utaratibu huo ulikuwa na dhuluma zake, na mkulima wa kawaida alizibeba. Hata hivyo ulikuwa na faida moja: mkubwa alikuwa na watu wa kumwambia basi, imetosha.

Ukweli unatutaka tuseme kwamba ufalme wenyewe ulijichimbia shimo. Januari 1965 Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa kwa risasi. Katika uchaguzi wa Mei mwaka huo, wagombea Wahutu walipata viti 23 kati ya 33 vya bunge, lakini Mwami Mwambutsa IV akamteua mtu wake wa karibu, Léopold Biha wa ukoo wa abaganwa, kuwa waziri mkuu. Mfalme aliyepaswa kuwa wa wote alionekana kupuuza kura za wengi. Oktoba 1965 baadhi ya askari na jandarmu Wahutu walijaribu kupindua serikali. Biha alijeruhiwa, Mwami akakimbilia nje, na Kapteni Micombero ndiye aliyeongoza majeshi yaliyozima jaribio hilo.

Hadi hapo hakuna wa kumlaumu, kwa sababu askari aliyeapa kulinda dola ana wajibu wa kulinda dola. Lawama inaanzia kwenye yaliyofuata. Maofisa na wanasiasa Wahutu waliuawa kwa hukumu za harakaharaka, na kati yao alikuwamo Joseph Bamina, aliyekuwa waziri mkuu kabla ya Biha. Nchi ilipoteza kwa wiki chache sehemu kubwa ya viongozi ambao wangeweza kukaa mezani na kuzungumza.

Julai 1966 Charles Ndizeye, mwana wa mfalme, alimwondoa baba yake akiwa na umri wa miaka 18, akamfanya Micombero kuwa waziri mkuu. Septemba alitawazwa kwa jina la Ntare V. Ufalme wake haukumaliza hata miezi mitatu. Tarehe 28 Novemba 1966, Ntare akiwa Kinshasa kwa sherehe za Mobutu, Micombero alitangaza jamhuri. Alikuwa na miaka 26. Akawa rais, mkuu wa serikali na kiongozi wa chama pekee kilichoruhusiwa, UPRONA.

Wengi walishangilia kwa kuona nchi inaingia zama mpya. Lakini pima jambo hili kwa mizani yetu. Kiti cha Mwami kilifutwa, bunge halikuwepo, vyama vingine havikuruhusiwa, na fimbo ya bashingantahe ilianza kuzidiwa nguvu na kadi ya chama. Kila kilichoweza kumzuia mtawala kiliondolewa kwa jina la mapinduzi, na hakuna kingine chenye nguvu kilichowekwa mahali pake. Tangu siku hiyo usalama wa Mrundi ulitegemea hali ya moyo wa mtu mmoja na kundi dogo lililomzunguka, wengi wao wakitoka Bururi.

Matokeo hayakuchelewa. Mwaka 1969 serikali ilisema imegundua njama ya Wahutu, na mwishoni mwa mwaka huo maofisa na raia kadhaa waliuawa. Mwaka 1971 ikawa zamu ya Watutsi wa mikoa mingine, walioshtakiwa kwa kupanga mapinduzi. Baadhi yao walihukumiwa kifo, kisha mwanzoni mwa 1972 Micombero akawapunguzia adhabu. Uamuzi huo unaonyesha kwamba aliweza kusamehe alipotaka. Kalamu ya kuokoa watu ilikuwa mkononi mwake.

Miezi michache baadaye kalamu hiyo haikuandika msamaha. Tarehe 29 Aprili 1972 adhuhuri, Micombero alivunja serikali yake yote. Jioni ya siku hiyohiyo waasi Wahutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini. Waliwaua Watutsi, wake kwa waume na watoto, pamoja na Wahutu waliokataa kujiunga nao. Anayesimulia mwaka 1972 bila kuwataja wafu hao anasimulia nusu ya habari. Serikali ilikuwa na haki na wajibu wa kuuzima uasi huo, na jeshi liliuzima kusini ndani ya muda mfupi.

Baada ya hapo jeshi na vijana wa chama, JRR, walianza kuwatafuta watu ambao hawakushika hata panga: walimu, makarani, wauguzi, mapadri, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu, wafanyabiashara wenye maduka. Watu waliitwa kwa orodha, wakapakiwa kwenye malori, wasirudi. Hawakusomewa mashtaka wala hawakupewa wa kuwatetea. Kwa miezi michache waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000, wengi mno wakiwa Wahutu. Warundi huuita msiba huo Ikiza.

Mali nazo zilifuata roho. Nyumba, magari na fedha za benki za waliouawa zilichukuliwa. Mashamba ya waliokimbia kusini yaligawiwa wengine. Kwa mtazamo wa kihafidhina hili si jambo dogo la pembeni. Serikali inayoweza kumnyang'anya mtu nyumba bila hukumu imeshajifunza kumnyang'anya uhai wake, na mjane asiye na shamba wala akiba hana hata nauli ya kwenda kudai haki.

Usiku uleule wa 29 Aprili lilitendeka jambo jingine mjini Gitega. Ntare V, mfalme aliyepinduliwa, alikuwa amerudi nchini mwezi mmoja kabla, akitokea Uganda kwa helikopta ya Idi Amin. Amin alikuwa amepewa ahadi ya maandishi na Micombero kwamba kijana huyo angeishi kama raia wa kawaida na usalama wake ungelindwa. Alipofika alikamatwa, na usiku huo akauawa akiwa na miaka 24.

Wafanyabiashara wanajua ahadi ni deni. Shehena huvuka Kobero au Gatumba kwa sababu mtu wa upande huu anaamini neno la mtu wa upande ule. Rais aliyeweka sahihi yake kwa rais mwenzake, kisha aliyeahidiwa usalama akafia mikononi mwa serikali yake, alifanya sahihi ya Burundi isiwe na thamani. Raia wa kawaida, ambaye hakuahidiwa lolote kwa barua, angetegemea nini?

Majirani nao wana hesabu yao. Mobutu alituma askari kumsaidia Micombero. Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Diallo Telli, alifika Bujumbura Mei 1972 na kutangaza mshikamano na serikali. Viongozi waliopaza sauti, na kwa haki kabisa, dhidi ya ubaguzi wa Afrika Kusini, walisema ya Burundi ni mambo ya ndani. Marekani, mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Burundi, iliendelea kuinunua. Kiongozi anayelaani dhuluma ya adui na kunyamazia ya rafiki hatetei haki za binadamu, anatetea urafiki.

Kimya hicho kilikuja kuwagharimu majirani wenyewe. Maelfu kwa maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania, Rwanda na Zaire. Tanzania ililazimika kufungua makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 1973 majeshi ya Burundi yaliwafuata waasi hadi ndani ya Tanzania, na wanavijiji wa mkoa wa Kigoma wakauawa. Wafanyakazi wa bandari wa Tanzania wakagoma kushughulikia mizigo ya Burundi. Nchi isiyo na bahari ikajikuta kahawa yake na bidhaa zake zimefungiwa njia, mpaka Micombero, Nyerere na Mobutu walipokutana Dar es Salaam Julai mwaka huo. Yaliyoitwa mambo ya ndani yalikuwa yamefika gatini Kigoma.

Tarehe 1 Novemba 1976 Micombero naye alipinduliwa. Aliyempindua alikuwa Jean-Baptiste Bagaza, ofisa wake mwenyewe na mzaliwa wa Rutovu kama yeye. Damu haikumwagika. Micombero alifungwa kwa muda, kisha mwaka 1977 akaruhusiwa kwenda Somalia. Huko aliingia chuo kikuu na kusomea uchumi. Alifariki Mogadishu 16 Julai 1983 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 42. Alipata alichowanyima wengine: mpinzani wake alimwachia uhai, akapata nchi ya kumhifadhi, na akafa kwa maradhi.

Wapo wanaomtetea kwa kusema alikuwa kijana mno, kwamba waliomzunguka ndio waliotenda, na kwamba hofu ya Watutsi baada ya mauaji ya Rwanda ya 1959 na miaka iliyofuata ilikuwa ya kweli. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini sheria iliwekwa kwa ajili ya siku za hofu, maana siku za amani hata mtu mbaya hukaa kwa utulivu. Na ujana si udhuru kwa aliyeondoa kwa mkono wake wazee wote ambao wangeweza kumshauri.

Amani aliyosema anailinda haikupatikana. Watoto wa waliouawa walikulia kambini na kinyongo chao, na miongoni mwao walitoka waliochukua silaha katika vita vilivyoanza mwaka 1993. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya ardhi na mali, CNTB, kushughulikia kesi za waliorudi. Mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua maelfu ya mabaki ya watu katika mkoa wa Karusi, na Desemba 2021 ikatangaza kwamba yaliyowapata Wahutu mwaka 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari.

Ukipita tena Rumonge na dumu zako za mawese, ukasikia familia mbili zinagombea shamba moja, usidhani ni ugomvi wa majirani wasioelewana. Mmoja ana karatasi aliyopewa na serikali. Mwingine ana kaburi la babu yake chini ya mchikichi, au hana hata hilo kaburi. Wote wawili wanalipa deni la rais aliyefariki Mogadishu zaidi ya miaka arobaini iliyopita.