Livingstone na siku 28 za kupumua ndani ya Ziwa Tanganyika

Wasikilizaji wetu wa Ujiji, Kibirizi na vijiji vya mwambao mnalijua jina la Dk. David Livingstone. Kumbukumbu yake ipo pale Ujiji, mahali alipokutana na Henry Morton Stanley mwaka 1871. Kinachosimuliwa mara chache ni mambo ya wiki zilizofuata. Tumeona tuyaeleze, kwa sababu yanamgusa kila anayeamka asubuhi akiwa tayari amechoka na kazi.

Livingstone alizaliwa Scotland tarehe 19 Machi 1813. Alipofika miaka 10 aliajiriwa kwenye kiwanda cha pamba, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Alikuwa akiweka kitabu juu ya mashine, na kila akipita anasoma sentensi moja. Siku za mapumziko alizunguka porini na ndugu zake wakiokota mimea na magamba ya konokono. Mtoto yule hakuwa na muda. Alikuwa na vipande tu vya muda, na alivitumia kufanya anachokipenda.

Mwaka 1841 alifika Afrika kusini akiwa mmisionari na daktari. Mwaka 1862 mke wake, Mary, alifariki kando ya mto Zambezi. Mwaka 1866 alirudi kupitia Zanzibar, safari hii akitafuta chanzo cha mto Nile.

Kazi hiyo ndiyo iliyommaliza. Sanduku lake la dawa liliibwa njiani. Alivuka ziwa letu kwenda Manyema, Kongo ya leo, akakwama huko miezi mingi kwa vidonda vya miguu. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, aliona kwa macho yake wafanyabiashara wa watumwa wakifyatulia watu risasi. Mamia walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao. Aligeuza njia. Alipofika Ujiji mwezi Oktoba alikuta mali aliyotumiwa imeshauzwa na yule aliyekabidhiwa kuitunza.

Uchovu kama huu hauishi kwa kulala usiku mmoja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa ni matokeo ya mfadhaiko wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa: mtu huishiwa nguvu, huichukia kazi yake, na huona hakuna anachokifanya kikafaa. Mvuvi anaweza kuupata, mwalimu anaweza kuupata, hata mama anayeanika dagaa Kibirizi kuanzia alfajiri.

Siku chache baadaye Stanley akaingia Ujiji na mfuko wa barua. Livingstone alisoma barua moja au mbili za watoto wake, akaacha nyingine, akataka kwanza apewe habari za dunia. Wakakaa barazani wakizungumza. Halima, mpishi wake, akapika kama mwenye sherehe. Mzee aliyekuwa akila milo miwili isiyo na ladha akaanza kula mara nne kwa siku, na ndani ya wiki moja akajisikia ana nguvu. Jioni walishuka ufukweni kupunga upepo. Mazungumzo, chakula na matembezi: hakuna hata kimoja hapo ambacho mtu wa kawaida hawezi kukipata.

Kisha wakaazima mtumbwi wa mti wa mvule. Tarehe 16 Novemba wakaelekea kaskazini, wapiga makasia wakifuata ufukwe. Walipita Bangwe na ghuba ya Kigoma, halafu mbele ya ufukwe ambao leo ni Kibirizi, boti zinakopakia abiria wa Gombe na vijiji vya juu. Usiku walilala nchi kavu. Haikuwa raha tupu: kuna mahali walidaiwa hongo, na Stanley aliugua homa, Livingstone akamuuguza. Hata hivyo wenyewe waliichukulia kama matembezi ya starehe. Walipofika mwisho wa ziwa wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingiza maji ziwani, hauyatoi. Walirudi Ujiji tarehe 13 Desemba, siku 28 tangu waondoke.

Sisi tunaona jambo moja hapa. Livingstone hakuacha kazi ili apumzike. Aliipunguza uzito kwa muda, akaifanya na mtu aliyemfurahia. Wavuvi wetu wa taa wanaujua mpango huo: mbalamwezi ikiwaka sana, nyavu zinashonwa, bao linachezwa, na hakuna anayeitwa mvivu.

Lakini tusimpambe. Raha ndogo zilimrudishia moyo, hazikumtibu tumbo lililokuwa likimsumbua kwa miaka. Stanley alimsihi arudi kwao akatibiwe, akakataa. Waliachana Unyanyembe, Tabora, Machi 1872. Mwezi Agosti alianza tena safari, bila mwenzake wa kuzungumza naye barazani, akapita kwenye mabwawa na mvua za kusini. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake wa safari, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874.