Beethoven: kabla ya ukimya, kelele masikioni

Wengi wanajua kwamba Ludwig van Beethoven, mwanamuziki wa Ujerumani, aliishia kuwa kiziwi. Kisichosemwa sana ni kwamba ukimya ule ulitanguliwa na kelele. Masikio yake yalivuma na kupiga mluzi usiku na mchana, hata pale ambapo hakuna kitu kilichokuwa kinalia karibu naye.

Alibatizwa mjini Bonn tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1770. Baba yake, mwimbaji aliyependa sana pombe, ndiye aliyemfundisha muziki kwa ukali. Mwaka 1792 kijana huyo alihamia Vienna, mji mkuu wa Austria, na baada ya muda mfupi akajulikana kama mpiga piano asiye na mwenzake.

Shida ya masikio ilianza akiwa hajafikisha hata miaka 30. Mwaka 1801 alimwandikia rafiki yake Franz Wegeler, aliyekuwa muganga, na kumfungulia siri: kwa karibu miaka miwili alikuwa anakwepa watu. Mwanamuziki atawaambiaje watu kwamba hasikii? Katika jumba la michezo alilazimika kukaa karibu kabisa na wapigaji ili aelewe waigizaji, na mtu akipaza sauti ghafla, ilimuumiza.

Waganga walijaribu mengi. Kulikuwa mafuta ya lozi, maji ya kuoga ya mto Danube, hata maganda ya mti yaliyofungwa mikononi mpaka ngozi ikatoka malengelenge. Beethoven mwenyewe aliulizia pia matibabu ya umeme. Hakuna kilichomponya.

Lakini ushauri mmoja ulikuwa tofauti: apumzike na ayapumzishe masikio. Ndiyo maana mwaka 1802 alikaa miezi kadhaa Heiligenstadt, kijiji kilichokuwa nje ya Vienna, kwenye mashamba na vijito. Utulivu ulimsaidia kwa kiasi, kisha ukamuumiza. Siku moja mwenzake alisikia mchungaji akipiga filimbi. Yeye hakusikia chochote. Mwezi wa kumi aliwaandikia ndugu zake barua ndefu iliyofanana na wosia. Humo alikiri kwamba alifikia karibu kujiua, na kwamba ni muziki tu uliomzuia.

Leo madaktari wangemwambia nini? Kelele za namna hii mara nyingi huja pamoja na kupungukiwa usikivu, na wasiwasi huzifanya zisumbue zaidi: mtu akiziogopa anazisikiliza, na akizisikiliza zinamtesa. Ndiyo sababu wagonjwa wengine hufundishwa kupumua polepole na kulegeza misuli, au hupelekwa kwa mtaalamu wa hipnozi. Lengo si kuifuta sauti, bali kuizoeza akili isiishughulikie. Hipnozi, Beethoven hakuipata. Daktari James Braid, aliyelieneza jina hilo na kuiandikia kitabu, alikitoa mwaka 1843, na Beethoven alikuwa ameshazikwa.

Yeye alikuwa na njia yake: kutembea kwa miguu mashambani, daftari mfukoni, karibu kila siku. Simfonia yake ya sita, ya mwaka 1808, ilitoka katika mapenzi hayo ya mashamba. Mwaka uliofuata, mizinga ya Napoleon ilipopiga Vienna, alijificha chini ya nyumba ya ndugu yake, akafunika masikio kwa mito.

Kufikia 1818 wageni walikuwa wanamwandikia maneno kwenye daftari. Tarehe 7 mwezi wa tano mwaka 1824 simfonia ya tisa ilipigwa mara ya kwanza. Watu walishangilia, na mwimbaji Caroline Unger akamgeuza awaone.

Beethoven alikufa tarehe 26 mwezi wa tatu mwaka 1827. Barua ya Heiligenstadt ilikutwa kati ya makaratasi yake. Kwa zaidi ya miaka 24 hakuwa ameituma.