Carl Clerck: Mfanyakazi wa ofisini aliyewapa majina buibui warukaji

Piga picha ya buibui mdogo mwenye mistari myeusi na myeupe kwenye ukuta wa nyumba London au Berlin, kisha waulize wanaowajua buibui ni nani huyo. Mara nyingi jibu litakuwa hili: Salticus scenicus (Clerck, 1757).

Wengi wetu husoma jina la Kilatini na kuyaruka mabano. Kumbe ndani ya mabano hayo kuna mtu. Hakuwa profesa, na chuo hakumaliza. Lakini jina lake limeendelea kuandikwa chini ya picha za buibui kwa zaidi ya miaka 260.

Hela zilimtoa chuoni

Carl Alexander Clerck alizaliwa Sweden mwaka 1709. Ukoo wake ulikuwa wa kikabaila, wa ngazi ya chini, ila mfukoni hali haikuwa nzuri. Mwaka 1726 alijiunga na Chuo Kikuu cha Uppsala. Hakukaa sana. Hela zilipokuwa za shida aliacha masomo, akaingia kwenye utumishi wa serikali, na baadaye akaishia katika ofisi za utawala wa jiji la Stockholm.

Maisha yake yangeweza kuishia hapo, katikati ya makaratasi. Lakini mwaka 1739, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, alihudhuria mhadhara wa Carl Linnaeus, ambaye wakati huo alikuwa daktari Stockholm na tayari alikuwa na jina kubwa kwenye elimu ya mimea. Mhadhara ule ulimgeuza Clerck. Miaka iliyofuata alikuwa akikusanya buibui, akiwachunguza na kuandika alichokiona.

Kitabu cha 1757

Kazi hiyo ilizaa kitabu kuhusu buibui wa Sweden, kilichotoka mwaka 1757 kwa Kiswidi na Kilatini pamoja, kikiwa na michoro ya rangi. Ndani yake Clerck alieleza namna ya kuwakusanya na kuwahifadhi buibui, kisha akaelezea aina 67. Yumo buibui wa bustani mwenye msalaba mgongoni, na yumo yule anayeishi chini ya maji.

Lakini kilichokifanya kitabu hicho kiwe cha pekee ni majina. Zamani mnyama alipewa jina refu, karibu sentensi nzima ya maelezo. Mwaka 1753 Linnaeus alikuwa ameyafupisha majina ya mimea yakawa ya maneno mawili. Clerck akauchukua mtindo huo, akautumia kwa wanyama mwanzo hadi mwisho wa kitabu chake. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake.

Mwigizaji wa ukutani

Miongoni mwa aina hizo 67 walikuwemo buibui warukaji. Hawa hawakai kwenye utando kusubiri chakula. Wanamnyemelea mdudu taratibu kama paka, kisha wanamrukia. Wana macho manane, na mawili ya mbele ni makubwa kama taa za gari. Macho hayo ndiyo yanayowafanya wapendwe sana na wapiga picha.

Yule wa mistari Clerck alimwita scenicus, neno la Kilatini linalohusu jukwaa la maigizo. Mwingine mwenye alama nyeupe kichwani alimpa jina linalomaanisha aliyewekewa alama ya herufi V. Ukimtazama dume wake leo kwenye picha nzuri, ile V bado unaiona.

Mwanafunzi akamtangulia mwalimu

Mwaka 1758 Linnaeus alitoa toleo la kumi la kitabu chake kikubwa cha viumbe, safari hii akiwapa wanyama nao majina ya maneno mawili. Wataalamu walipokuja kuweka kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, walikubaliana kwamba hesabu ianze 1758. Majina ya kabla ya hapo hayatambuliki.

Isipokuwa ya Clerck. Kitabu chake kilipewa ruhusa maalumu: kinahesabiwa kama kilitoka tarehe 1 Januari 1758, na majina yake yanatangulia yale ya Linnaeus. Yaani mtu aliyeuvutiwa na mhadhara wa Linnaeus, kwa upande wa buibui, ndiye aliye mbele ya Linnaeus.

Hata mabano yana kazi yake. Clerck aliwaita buibui wake Araneus. Mwaka 1804 Mfaransa Pierre André Latreille aliweka jenasi ya Salticus, na yule wa mistari sasa yumo humo. Mabano yanakuambia kwamba Clerck ndiye aliyetoa jina, lakini jenasi imebadilika. Buibui wa msalaba amebaki Araneus, kwa hiyo yeye anaandikwa Araneus diadematus Clerck, 1757, bila mabano.

Picha moja haitoshi

Clerck naye hakupatia kila kitu. Baadhi ya majina aliyoyatoa yalikuja kugundulika kuwa ni ya aina ileile moja. Tatizo hilo lipo hadi leo: kwa buibui warukaji wengi, dume na jike hawafanani hata kidogo, na ukiwaona mbalimbali unaweza kudhani ni viumbe wawili tofauti.

Yeye angalau alikuwa na buibui mwenyewe mkononi. Mwenye simu ana picha tu, na sasa hivi familia ya warukaji ina zaidi ya spishi 6,000. Hata huyu wa mistari ana ndugu zake, Salticus cingulatus na Salticus zebraneus, ambao kwenye picha wanachanganya hata wazoefu. Mara nyingi uhakika hupatikana kwa kutazama viungo vya uzazi kwa hadubini.

Ndiyo maana mtaalamu akiletewa picha moja ya mgongoni huishia kutaja jenasi tu. Picha ya uso inayoonyesha macho, ya juu, ya ubavuni, pamoja na ukubwa wa buibui na mahali alipoonekana, humpa mengi zaidi ya kushika.

Hadi Ziwa Victoria

Kukosea jina si jambo dogo. Evarcha falcata na Evarcha arcuata, wawili kati ya warukaji wa Clerck, wana ndugu wa jenasi yao huku kwetu, kandokando ya Ziwa Victoria. Huyu ni Evarcha culicivora, aliyepewa jina rasmi mwaka 2003. Anapenda kula mbu jike walioshiba damu, hasa wa kundi la Anopheles, ambalo ndilo linaloeneza malaria. Ukimpa mrukaji mwingine jina hilo kwa sababu tu picha zinafanana, unampa sifa isiyo yake.

Clerck alifariki tarehe 22 Julai 1765. Alikuwa ameanza kazi nyingine, michoro ya wadudu adimu wakiwemo vipepeo wengi, na hakuimaliza. Ya buibui aliimaliza. Kwa hiyo ukiletewa jina la buibui uliyempiga picha, soma hadi mwisho wa mstari. Huenda ukamkuta pale, na mwaka wake wa 1757.